Usiku wa Kenneth nyumbani kwa Bibi

Bibi yangu alikuwa hakutazami usoni ukimweleza shida zako. Macho yake yalikuwa kwenye ukili, ule mshipi wa majani unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka. Vidole vinapandisha chane hii, vinalaza ile, na wewe unasema weee, mpaka unajikuta umelitoa hata lile uliloapa kulimeza. Pale kwetu Mikindani, mji wa pwani karibu na Mtwara, wengi wamelia mbele yake, na sidhani kama kuna aliyeona aibu.

Alisuka mikeka na alikuwa kungwi, na kazi hizi mbili mwenyewe hakuzitenganisha. Miyaa, yaani majani ya kusukia, aliichemsha na rangi za dukani, zambarau, kijani na nyekundu, katika sufuria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuitumia kwa kingine. Michoro aliibuni mwenyewe, akaipa majina ya watu wa mtaani. Kulikuwa na mmoja wa mistari inayokwenda upogo, mara kulia mara kushoto, aliouita kwa jina la jirani mmoja mpenda pombe. Jirani akaja kuununua bila kujua lolote, akausifu mno.

Kwenye unyago hatukuafikiana kila kitu. Wapo makungwi wanaomfundisha mwali kunyamaza tu, na wapo wazazi wanaomwondoa mtoto darasani kwa ajili ya ngoma. Bibi wali wake, wasichana aliowafunda, waliingia ndani likizo ya Desemba, shule ikifunguliwa wako darasani. Na walipoolewa hakuwaacha. Mwenye ugomvi alirudi kwake, kwa somo aliyemfunda, hata kama ana wajukuu.

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019 nilimfuata kutoka Ligula, Mtwara mjini, nimhamishe. Mwezi na nusu hivi ulikuwa umepita tangu kimbunga Idai kiibomoe Beira, Msumbiji, kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba kimbunga kingine, Kenneth, anakuja upande wetu, hakuna aliyeleta mzaha. Shule na ofisi zilifungwa. Watu wa mabondeni wakaambiwa wapande sehemu za juu.

Nikamkuta barazani anashona mkeka, shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, mkononi.

"Unipeleke wapi, mke mwenzangu?" akaniuliza. "Watu wanapanda huku, wewe unataka kunishusha?"

Sikuwa na jibu. Nyumba yake ilikuwa mlimani, nyuma ya magofu ya mji wa kale, kuta nene za mawe. Hadi alasiri ilishajaa: magodoro, majiko ya mkaa, watoto, kuku waliofungwa miguu, mzee mmoja na redio yake ambayo hakumruhusu mtu kuigusa. Tukabandika sufuria kubwa la chai ya mchaichai. Wanawake walikuwa wakimzunguka Bibi na swali moja, maana walijua amezaliwa Lindi, na kile kimbunga cha Aprili 1952 kilimkuta huko, msichana ambaye hajavunja ungo. Ilikuwaje, bi mkubwa?

"Asubuhi yake," akasema, "kuku waliobaki walikuwa uchi. Upepo umewanyonyoa wote. Jogoo wetu alikaa ndani siku nzima kwa haya."

Watoto wakaangua kicheko, na mama zao nao wakacheka. Bibi akaendelea kushona. Mdogo wake aliyeangukiwa na ukuta usiku ule hakumtaja. Mimi nilikuwa namjua kwa sababu nimepewa jina lake.

Magharibi ikaingia na mwanamke kijana, mmoja wa wali wake, amebeba begi. Lilikuwa limepangwa vizuri mno kwa mtu anayekimbia upepo. Bibi alilitupia jicho mara moja, kisha akampa ncha ya ukili aishike iwe imekaza wakati yeye anashona. Hakumuuliza kitu. Yule binti akashika, machozi yanamtiririka, ukili umekaza.

Baada ya isha akatokea mume, mvuvi, ameloa chapachapa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekimbia kimbunga au umemfuata mtu?"

"Vyote, bibi."

Baraza zima likacheka, hata mkewe akaficha mdomo kwa ncha ya kanga. Bibi akamkabidhi kijana mkasi na upande wa mkeka uliokwisha kushonwa, akate vincha vya miyaa vinavyochomoza. Kazi hiyo haitaki nguvu, inataka utulivu. Ukikata karibu mno unakata mshono. Alikata kwa muda mrefu, ameinama kama mwanafunzi wa chuoni. Hapo ndipo Bibi alipoinuka, akamchukua mke, wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Walikaa. Kisha akaitwa mume. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati na upepo unavuma, sisi masikio yote mlangoni, hatukuambulia neno.

Usiku mzee wa redio akatunyamazisha. Kenneth ametua Msumbiji, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini ya mji wao wa Pemba. Vigelegele vikapigwa. Bibi akatoka chumbani amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mnashangilia nini? Ng'ambo ya Ruvuma hamna ndugu?"

Kimya. Nusu ya waliokuwa mle ndani wana shangazi au binamu upande wa pili. Mto haujawahi kuwatenga Wamakonde. Mmoja akaanza kupiga simu Palma, haipatikani. Mwingine naye akajaribu. Vigelegele vikageuka dua, Bibi akaitikia amina huku anatafuta shazia yake chini ya magodoro ya watu.

Ijumaa, Siku ya Muungano, kila mtu akashuka kwake. Yule mvuvi alitangulia na begi la mkewe kichwani, na wapita njia wakamtania hadi pwani.

Bibi alifariki miaka michache baadaye. Kwenye arobaini yake nilimwona yule binti jikoni kwetu, anakuna nazi, mtoto mgongoni, mumewe nje anapakua mikungu ya ndizi kwenye baiskeli. Nikasogea. Nikamwambia, dada, Bibi hayupo tena, hebu nieleze, aliwaambia nini usiku ule?

Akanitazama juu chini.

"Wewe umeshaolewa?"

"Bado."

"Basi lete chujio, tui litachelewa."