Daftari la Tukuza

Nyumbani kwetu Wete, Pemba, ugomvi wa umeme ulikuwa wa taa. Baba watoto akirudi kutoka Isha hupita chumba kwa chumba akizima, huku akisema, "Nyinyi mnadhani hii Tukuza naiokota?" Tukuza ndio umeme wetu wa kulipia kabla ya kutumia. Watoto kimya, mimi kimya, na keshokutwa uniti zimekwisha vilevile.

Mimi ni mshoni, kazi naifanyia nyumbani: sare za skuli, mabuibui, na Sikukuu ikikaribia, magauni ya watoto. Cherehani yangu ni ya miguu, haili umeme. Pasi ndiyo inayokula, na nilijua taa zikishaonekana hazina hatia, lawama zitanifikia mimi. Basi nikachukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja, nikaligeuza nyuma, nikaanza kuandika namba ya mita ninapoamka na ninapolala. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kujitetea, hakuna jengine.

Wiki ya kwanza ilionesha tunakula uniti tano na nusu kwa siku. Nikaanza na taa, maana ndizo zilizoshitakiwa. Tulikuwa na mbili za zamani, zile za waya ndani, za wati 60. Uniti moja ni wati 1,000 zikiwaka saa moja, kwa hiyo taa zote mbili zikiwaka saa sita hazifiki uniti moja. Nikaweka za LED za wati 9. Mwanga haukupungua, na tukaokoa nusu uniti na ushei. Si haba, lakini karibu tano zilikuwa bado zinakwenda, na mimi nataka kujua zinakwenda wapi.

Nilikuja kujua usiku. Saa nne niliandika namba, nikalala. Saa kumi na moja nimeamka kwa Alfajiri, nikaandika tena. Ilikuwa kipindi cha kusi, feni haikuguswa, taa zote zimezimwa, pasi iko kabatini. Na mita imekula karibu uniti nzima! Nyumba imelala, nani kala?

Friji. Tuliinunua imeshatumika, ya kutoka ng'ambo, na muuzaji aliapa kwamba haili kitu. Nikakata ukanda wa karatasi ninayochorea ruwaza, nikaubana mlangoni nusu ndani nusu nje, nikauvuta. Ukatoka wenyewe, kama haukubanwa. Pembe ya chini ilikuwa wazi kabisa. Kumbe miaka yote ile tulikuwa tunapoza jiko zima, na mashine inanguruma usiku kucha kwa kazi isiyokwisha.

Niliosha mpira wa mlango kwa maji ya moto na sabuni, nikaukanda kwa kitambaa cha moto mpaka ukalainika na kurudi mahali pake. Pembe iliyochanika ilikishinda kitambaa. Fundi alikuja akaukata mpira wa friji jengine lililokufa akaubandika. Nyuma kulikuwa na vumbi na nyuzi zangu za kushonea zimejisokota kwenye zile bomba, na friji lenyewe limegandana na ukuta, ubavuni mwa seredani, jiko letu la makaa. Tukalisogeza upande wa pili, likaachiwa shubiri moja nyuma lipumue. Barafu iliyokuwa imeganda ndani unene wa vidole viwili niliiyayusha, na sasa nafanya hivyo kila mwezi. Kilichobaki ni watoto na barafu zao za ukwaju, wanaofungua mlango kila dakika kutazama kama zimeshashika. Hilo sijalipatia dawa.

Pasi nayo niliiungama. Zamani nikimaliza nguo moja naipiga pasi hapo hapo, yaani naipasha moto mara kumi kwa siku. Sasa nguo zinangoja mpaka alasiri, napiga zote kwa mpigo, za kitani kwanza, na zikibaki mbili tatu nyepesi nachomoa waya namalizia na moto uliobaki. Nusu uniti imerudi.

Mavyaa wangu ndiye aliyenisikiliza kuliko wote. Yeye anakumbuka Pemba ya majenereta ya Wesha, dizeli ikipungua na umeme unapungua, mpaka mwaka 2010 ulipokuja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Miezi michache kabla ya hapo wenzetu wa Unguja walikuwa gizani tangu Disemba 2009, miezi mitatu. "Kitu kinachovuka bahari hakichezewi," akasema. Nikaona nimepata mshirika, nikamletea la pili.

La pili lilikuwa kikapu. Mteja wangu mmoja wa Konde alinikuta nachoma vipande vya vitambaa nyuma ya nyumba, kama nilivyofanya kila wiki, akaniambia yeye huviomba kwa mshoni wake apikie. Nikacheka. Akanieleza: kikapu kikubwa cha ukindu, ndani vitambaa vimeshindiliwa pande zote, na mto wa vitambaa juu. Chungu kikichemka unakifukia humo, kinaendelea kuiva bila moto.

Mara ya kwanza nilitia maharagwe nusu sufuria, kisha nikafunua mara mbili kuchungulia. Jioni mavyaa akayatafuna moja, akalitoa. "Mwanangu, haya ni maharagwe au kokoto?" Nikayarudisha motoni na makaa yakaenda maradufu.

Sasa najua. Maharagwe yanalala ndani ya maji usiku. Asubuhi namwaga maji hayo, natia mengine, nayachemsha kwa moto mkali robo saa na zaidi. Mekundu hasa yana sumu ambayo joto dogo la kikapu haliiondoi, kwa hiyo hapo sifanyi haraka. Sufuria iwe imejaa, kifuniko kisiguswe tena, na moja kwa moja kikapuni mpaka adhuhuri. Kisha sufuria inarudi motoni kidogo, tui linatiwa, basi. Mbaazi ndizo zinazopendeza zaidi, zinatoka laini na hazijavurugika. Gunia la makaa nililokuwa nalimaliza kwa wiki tatu sasa linafika ya tano, na ukipita pwani ukaona visiki vya mikoko iliyogeuzwa makaa, wiki mbili hizo unazihesabu vizuri.

Wali ndio ulioshindikana. Nilijaribu, ukaiva, ukachambuka. Mavyaa akakwangua sufuria kwa mwiko, akanitazama. "Ukoko uko wapi?" Wali bila kupaliwa makaa juu na chini hauna ukoko, na kwake yeye huo si wali. Basi wali umebaki kwenye seredani, na makaa ya juu ya kifuniko tunatia vifuu vya nazi tulizokuna wenyewe.

Mita sasa inakula uniti tatu na kidogo. Daftari nimemwachia mwanangu wa darasa la sita, anaandika asubuhi kabla ya skuli. Juzi baba yake aliacha taa ya uani inawaka hadi asubuhi, na mtoto ameiandika, jina na saa.