Nilivyosafisha marejeo ya memwari yangu

Memwari yangu, yaani tasnifu, ya utaalamu wa dawa za usingizi, hapa Lubumbashi, ilihusu kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji. Ukigusa mada hiyo, lazima ukutane na Yoshitaka Fujii, daktari wa Japani aliyechapisha majaribio chungu nzima, mengi yakihusu granisetroni, dawa ya kuzuia kutapika. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa usingizi cha Japani kilichunguza makala zake 212. Kikakuta udanganyifu katika 172, na kati ya hizo 126 zilikuwa za kubuni tangu mwanzo hadi mwisho.

Hayakuwa majarida ya vichochoroni, na wahakiki, yaani wataalamu wanaopitia makala kabla hazijachapishwa, walizisoma. Tena onyo lilitoka mapema: mwaka 2000 Peter Kranke na wenzake waliandika kwamba matokeo ya Fujii ni mazuri mno kuaminika, kwa mfano idadi ya waliougua kichwa ilijirudia vilevile kundi hadi kundi. Aliendelea kuchapishwa miaka mingi baada ya hapo.

Mhakiki mwenyewe simlaumu sana. Kwa kawaida halipwi, anasoma usiku baada ya zamu, na alichonacho ni maelezo ya mbinu na majedwali. Atakwambia sampuli ni ndogo, atakwambia hitimisho limezidi ushahidi. Fishi ya mgonjwa, yaani karatasi ya kumbukumbu zake hospitalini, haioni, kwa hiyo hawezi kujua kama mgonjwa huyo aliwahi kulazwa.

Basi nikaamua kukagua marejeo yangu mwenyewe, nikianza na kilicho rahisi. Hazina ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizoondolewa, siku hizi inatolewa bure na Crossref, shirika linalosajili namba za makala, kama faili moja. Niliipakua mara moja intaneti ilipokuwa nzuri, halafu nikatafuta humo hata umeme ulipokatika, mradi kompyuta ina chaji. Tafuta kwa DOI, namba ya pekee ya kila makala, si kwa kichwa cha makala. Herufi moja ikikosewa, kichwa hakionekani.

Kilichonitoa jasho ni makala za majumuisho, zile zinazounganisha majaribio mengi kupata jibu moja. Zenyewe hazijaondolewa, lakini majaribio ya Fujii yamo ndani kama mchanga kwenye mchele. Ilibidi nifungue orodha ya kila moja, nitoe yake, nihesabu upya. Dawa haikugeuka maji, ila faida yake ilipungua, na kwa hospitali inayonunua dawa kwa kubana matumizi, tofauti hiyo ni pesa.

Kisha nikapima hesabu zenyewe. Kuna kipimo cha Nick Brown na James Heathers kinachohitaji kikokotoo tu. Tuseme wagonjwa 15 wametaja maumivu yao kwa namba kamili, 0 hadi 10, na jedwali linadai wastani ni 3.43. Jumla ya 51 inatoa 3.40, ya 52 inatoa 3.47. Hiyo 3.43 imetoka wapi? Inaweza kuwa kosa la uchapaji, lakini zikiwa nyingi katika jedwali moja, mimi makala hiyo naiweka pembeni. John Carlisle, daktari wa usingizi wa Uingereza, alikwenda mbali zaidi: alionyesha kwamba makundi ya Fujii yalifanana umri na uzito kuliko kura ya kuwagawa wagonjwa inavyoweza kuyafananisha.

Profesa wangu alipoona kurasa za ukaguzi huo alicheka. "Docta, sasa umeingia polisi?" Nikamweleza hesabu ya 3.43. Akaipiga mwenyewe kwenye simu yake, kisha akauliza, "Na za kwako nani atazihakiki?"

Swali la haki kabisa. Niliipa kila fishi namba ileile ya mstari wake kwenye jedwali langu, bila majina, nikazifungia kwenye kabati la idara, na ndani ya memwari nikaandika kwamba jopo linaweza kuomba yoyote. Siku ya kutetea, mtahini mmoja aliomba kweli. Alichagua mstari katikati ya jedwali, akapewa fishi, akalinganisha uzito na kipimo cha dawa, akairudisha. Swali lake lililofuata lilikuwa bei ya deksametazoni, dawa nyingine ya kuzuia kutapika.