Na wewe uliokoka tarehe ngapi?

Kama umekulia Dodoma kwenye mambo ya feloshipu hili swali unalijua. Unaitwa mbele kutoa ushuhuda, unasema Bwana asifiwe, watu wanaitikia, halafu inatakiwa utaje tarehe: niliokoka mwaka fulani, mwezi fulani, kwenye mkutano wa injili sehemu fulani. Mi tarehe sina. Au niseme ninazo nyingi mno, ndo shida yenyewe, kwa sababu nilikuwa nikisikia tu mhubiri anasema "kama huna uhakika na wokovu wako nyoosha mkono" basi mkono huo juu, kwenye mikutano ya nje, kwenye makongamano ya Pasaka shuleni, hadi redioni huku naosha vyombo nafuatisha sala ya toba neno kwa neno. Na kila mara nilikuwa namaanisha kabisa, aisee. Kesho yake naamka nawaza labda jana sikusema kwa moyo wote, labda kuna dhambi niliisahau kuitaja.

Wanaoteswa na hii kitu, kwa ninavyoona, ni wale wanaompenda Mungu kweli. Wasiojali wanalala fofofo.

Huu utamaduni wa kutaja siku haukuanza jana wala haukuletwa na makanisa ya maturubai. Uamsho wa miaka ya 1930 ulioanzia Gahini kule Rwanda ulipita Uganda ukafika mpaka huku kwetu, watu wakawa wanasimama hadharani wanaungama na kueleza Yesu alivyowakuta. Festo Kivengere, mmoja wa wahubiri wa uamsho huo, kabla hajawa askofu kwao Uganda, alifundisha hapahapa Dodoma, Alliance, ile shule iliyokuja kuitwa Mazengo na leo pale ni Chuo Kikuu cha St John's, wanafunzi wanapita wanaenda kula chipsi hawajui. Kwa hiyo siudharau ushuhuda hata kidogo, tumerithi kwa watu waliokutana na Mungu kweli. Ila wale walikuwa na kitu kingine, kutembea nuruni, yaani kurudi msalabani kila siku na kutubu mbele ya ndugu bila aibu, leo kuhusu jambo la leo. Sisi tumeshika zaidi tarehe.

Bibi yangu wa Mvumi ni Mwanglikana tangu utotoni, ukimuuliza ameokoka lini anacheka. "Mjukuu wangu, mi hata siku niliyozaliwa siijui, si unaniona nakula ugali hapa?" Na ni kweli, kitambulisho chake kina tarehe ya kukadiria tu kama wazee wengi wa Ugogo, mama yake ndo kabisa, alikuwa anaambiwa kazaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa iliyoua watu wengi huku mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia. Hakuna aliyewahi kubisha kwamba alizaliwa.

Halafu kuna John Wesley, yule Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, huyu wahubiri wanampenda sana. Tarehe 24 Mei 1738, mtaa wa Aldersgate, London, akiwa ameshakuwa kasisi kwa karibu miaka kumi, akahisi moyo wake umepata joto la ajabu akajua Kristo ameziondoa dhambi zake, zake yeye. Hiyo tunahubiriwa. Tusichohubiriwa ni kwamba Januari 1739, miezi saba tu baadaye, aliandika kwenye shajara yake kwamba yeye sio Mkristo. Wesley huyohuyo! Nilipokutana na hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala mtu wa pembeni akaniangalia. Kama ile siku ya Aldersgate haikumtosha yeye, mi nitaegemeaje jioni moja ya kwaya na spika kubwa?

Sasa Yohana kwenye waraka wake wa kwanza, 5:13, anasema amewaandikia wanaomwamini Mwana wa Mungu ili wajue kwamba wana uzima wa milele. Wajue, wasibahatishe. Jirani yangu Mkatoliki tunabishana hapa, kanisa lake kwenye Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1547 lilisema mtu hawezi kuwa na uhakika wa imani usioweza kukosea kwamba amepata neema ya Mungu, yeye anasema anaishi kwa tumaini na mi namwelewa, hatujagombana. Lakini ukisoma waraka wote unaona Yohana haulizi ulihisi nini. Anauliza unamwamini nani, unampenda ndugu yako au unamchukia, dhambi unaiungama au unaificha. Na kwa wale ambao moyo unawahukumu hata hivyo, 3:20 anasema Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Hapo ndo nilipopumua. Nilikuwa nimetumia nguvu nyingi kupima imani yangu ina kilo ngapi, na yule baba kwenye Marko 9 alikuja na imani nusu, nisaidie kutokuamini kwangu, na mtoto akapona.

Najua kuna mtu atasema ukiwaambia watu wana uhakika watajiachia. Paulo alilijibu hilohilo, tudumu dhambini ili neema izidi? Akasema hasha, soma Warumi 6. Waebrania 6 nayo ipo, ile inayoonya kuhusu wanaoanguka, ngumu, siwezi kuimaliza kwa aya moja na wanaoimaliza kwa aya moja nawaogopa kidogo.

Binti mmoja wa chuo aliniuliza juzi afanye nini maana ameshaokoka mara kibao. Nilimwambia aache kuirudia ile sala kama vile Mungu hakuisikia, aende Ushirika Mtakatifu, mikono wazi, amsikilize kasisi anapomwambia mwili wa Bwana ulitolewa kwa ajili yake. Ila nikamuuliza pia kama kuna kitu anakificha, maana mengine sio mashaka, ni dhamiri inagonga mlango, na hiyo haitaki mistari ya kufarijiwa, inataka kuungama na kuacha. Akanyamaza kidogo, akasema kipo. Basi tukaanzia hapo.