Mkondo wa umeme uliokuwa ukishuka upande mmoja wa picha: jinsi nilivyotatua

Kama picha ya hadubini yako ya elektrokemia (ile inayopitisha ncha ya elektrodi juu ya sampuli na kuchora picha kwa kupima mkondo wa umeme) inafifia kutoka kushoto kwenda kulia hata juu ya kioo kitupu, soma hapa kabla hujatupa ncha.

Ncha yangu ni waya wa platini wenye kipenyo cha mikromita 25, ndani ya myeyusho wa ferosini-methanoli, kemikali inayotoa mkondo inapofika kwenye ncha. Kioo hakipitishi umeme, na kikiwa karibu huzuia kemikali hiyo kuifikia ncha, kwa hiyo mkondo ulitakiwa kuwa mdogo na sawa kote. Haukuwa. Nilisugua ncha upya, nikabadilisha myeyusho, nikasafisha elektrodi rejea (ile ambayo volti ya ncha hupimwa dhidi yake). Bure.

Nilipogeuza sampuli nusu mzunguko, mteremko ulibaki upande ule ule. Basi tatizo halikuwa la uso wa sampuli, bali la jukwaa kuinama. Na haihitaji kuinama sana: nusu digrii kwenye mstari wa milimita 1 hubadilisha kimo kwa karibu mikromita 9, wakati ncha yenyewe inaelea mikromita 10 hivi juu ya uso!

Nilishusha ncha kwenye kona tatu za sampuli, moja baada ya nyingine, nikaandika kimo ambapo mkondo ulifika asilimia 70 ya ule wa mbali na uso, kisha nikarekebisha skrubu za jukwaa hadi vimo vikalingana.

Ila mteremko ulirudi. Kumbe mpira wa kuzuia myeyusho usivuje, ukikazwa, huinamisha sampuli tena. Kwa hiyo: kaza kwanza, mimina myeyusho, ndipo usawazishe. Sasa mkondo umetulia, na nikiweka sampuli ya chuma, mikwaruzo yake inaonekana.