Madoa ya viganjani

Miaka 6 nameza ARV bila kuruka siku, na virusi vya Ukimwi havionekani kwenye kipimo. Madoa yalipotokea viganjani na kwenye nyayo, ya rangi ya shaba, hayawashi wala hayaumi, kila mtu hapa Kayole alikuwa na lake la kusema. Muuza dawa alinitazama mkono kupitia vyuma vya dirisha akasema ni aleji. Akaniuzia vidonge na mafuta ya fangasi, kama mia nane hivi. Wiki mbili nililala na soksi mikononi ili mafuta yasichafue shuka. Madoa yakazidi. Niliporudi akaniambia ni zile ARV zinanikataa, niziache kwanza. Hilo linaniudhi mpaka leo, maana kuna watu wangemsikiliza.

Kliniki, daktari aligeuza viganja vyangu kuelekea mwanga, akanyamaza, kisha akauliza: "Ndugu yangu, mwezi mmoja au miwili iliyopita hukuwa na kidonda huko chini kisichouma?" Nilikuwa nacho. Kilipona chenyewe nikakisahau. Damu ikatoka na jibu: kaswende, RPR 1:128. RPR ni kipimo cha damu, na namba ya pili hushuka dawa ikifanya kazi. ARV zinazuia virusi, bakteria hazina habari nao. Akaniuliza pia kuhusu macho, masikio na kichwa kuuma, kwani kaswende hufika huko, na kwetu wenye virusi hawapuuzi hata dalili ndogo.

Dawa ni penisilini ya benzathini, uniti milioni 2.4, nusu kila tako. Ni nzito, nyeupe kama maziwa. Sista aliizungusha chupa kati ya viganja vyake, akaniambia niegemee meza, uzito niuweke mguu wa upande wa pili, na vidole vya mguu wa kudungwa nivielekeze ndani. Jamani, fanyeni hivyo, tako linalegea. Akaisukuma polepole mno. Kwenye matatu ya kurudi nilishuka vituo viwili kabla ya nyumbani nikatembea, na maumivu yakapungua. Usiku nilitetemeka kwa homa, lakini nilikuwa nimeonywa kwamba bakteria wakifa kwa wingi mwili huchemka. Panadol, asubuhi nikaamka mzima.

Mwenzangu wa kikundi alisisitiza kwamba mwenye virusi lazima adungwe mara 3. Hapana. Tatu, moja kila wiki, ni za kaswende iliyokaa muda mrefu au isiyojulikana ilianza lini. Yangu ilikuwa changa.

Kumwambia mama watoto kulikuwa kugumu kuliko sindano. Alilia, akavaa viatu, tukaenda. Kipimo chake hakikuonyesha kitu, na bado walimdunga, kwa sababu huenda ilikuwa haijajitokeza.

Mwezi wa 7 baada ya sindano, maabara moja ya mtaani ilinipima kwa kile kipimo cha haraka, ikasema bado ninayo, nilipie sindano nyingine. Kipimo hicho hubaki chanya kwa wengi wetu hata baada ya kupona. Nikawatolea kadi yangu: 1:128, miezi 3 baadaye 1:32, miezi 6 1:8. Wakanirudishia pesa. Mwezi wa 12 napimwa tena.