Kuusubiri Upatu

Mtu akikwambia anapenda muziki wa kila aina, mwombe uione simu yake. Yangu mimi imejaa magitaa: rumba asubuhi, rumba jioni, na injili kidogo katikati. Silalamiki. Sebene unajua inakuja, unajua itaingilia wapi, na ikiingia bado unafurahi kana kwamba hukuitarajia. Ila miezi hii nimekuwa nikisikiliza kitu tofauti kabisa, na nataka nikiandike mapema, kabla sijakizoea nikasahau kilivyonisumbua mwanzoni.

Nilikikuta nikisoma habari za anga, wala si za muziki. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili, Voyager 1 na Voyager 2, na kila kimoja kilifungwa santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu. Kamati iliyoongozwa na mwanaanga Carl Sagan, mtaalamu wa sayansi ya nyota na sayari, ilichagua sauti za dunia za kuwekwa humo, ili kama kuna kiumbe huko mbali atakayeiokota, apate kutusikia. Bach yumo. Chuck Berry yumo. Hao nawafahamu, nikawaruka. Nikafika kwenye kipande kisichotimiza dakika tano kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, kiitwacho Ketawang Puspawarna.

Ni muziki wa gamelani: kundi kubwa la ala, nyingi zikiwa za chuma au shaba za kugongwa, pamoja na ngoma, filimbi ya mwanzi, zeze la nyuzi mbili na waimbaji. Nilidhani spika imeingia maji. Kila noti ilikuwa jirani na noti ninayoijua, lakini haiifikii, au imeipita kidogo. Mdogo wangu akasimama mlangoni na kuuliza, “Kaka, huo ni muziki au wanapanga masufuria?” Nikamwambia asubiri kidogo, utachanganya. Hakusubiri, na muziki wenyewe haukuchanganya.

Kumbe spika ilikuwa nzima. Kipande hicho kimepigwa katika slendro, mpangilio wa noti 5 ndani ya oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi inapojirudia juu zaidi, zilizoachana kwa nafasi zinazokaribiana ukubwa. Ukizitafuta kwenye piano, nyingine zitakuangukia katikati ya vitufe viwili. Na wala hakuna slendro moja ya watu wote. Kila seti ya gamelani hulinganishwa yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo ala ya seti hii huwezi kuiazima ukaipige kwenye seti ile, itasikika mgeni. Hapo nilitulia nikafikiri. Mimi nimekua nikiamini kwamba kuna noti sahihi, zimekaa mahali fulani, na kazi ya mwanamuziki ni kuzifikia. Huko kuna noti za nyumba hii na noti za nyumba ile, na kila mtu anaimba vizuri kwao.

Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliofanywa miongoni mwa Watsimane wa Bolivia, watu ambao hawajalelewa na muziki wa Magharibi kwa kiasi tulicholelewa wengi wetu. Waliwasikilizisha noti zilizopigwa kwa pamoja, zile ambazo wengi huziita tamu na zile zinazosemwa kuwa zinagombana. Watsimane wakaziona zote zinapendeza sawasawa. Basi ule uchungu niliousikia siku ile haukuwa ndani ya shaba za Java. Nilikuwa nao mimi, nimeulea kwa redio tangu utotoni.

Lakini noti hazikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kwamba sikujua nikae wapi. Katika muziki wangu uzito uko kwenye moja: moja-mbili-tatu-nne, na mguu unatua kwenye moja hata ukiwa umesinzia. Nikaupigia mguu huo muziki wa Java, mguu ukawa unatua hewani. Ikabidi nisome. Katika gamelani ya Java wimbo huenda kwa mizunguko, na mzunguko hufungwa na upatu, si ule wa kuchangiana fedha bali sahani kubwa ya chuma ya kugongwa, yenye nundu katikati, ambayo mlio wake huusikia kifuani kabla hujausikia sikioni. Katika umbo linaloitwa ketawang, mzunguko una mapigo 16, na upatu unalia kwenye la 16. Uzito uko mwishoni. Unachofuata chote kinaelekea kule.

Nikaanza kuhesabu kwa kidole mezani. Mizunguko ya mwanzo nilifika salama, kisha mambo yakaanza kuvutika, hesabu ikaniponyoka, nikajua nimepotea. Sikuwa nimepotea. Wapigaji huongozwa na ngoma kupunguza mwendo wa wimbo wa msingi hadi nafasi kati ya pigo na pigo inakuwa pana, halafu ala nyepesi zinaijaza nafasi hiyo kwa kuongeza mapigo yao. Kwa hiyo wimbo unapungua kasi na unazidi shughuli kwa wakati mmoja. Ukisikiliza juu, wana haraka. Ukisikiliza chini, hawana habari na saa. Siku nilipoacha kukimbizana na zile za juu, nikazishika za chini peke yake, kidole changu na upatu vilitua pamoja. Nilicheka peke yangu chumbani. Nikarudia, tukatua tena.

Kuna wanaosema sikio huzoea tu, na wana ushahidi: mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi. Nakubali nusu. Kuna tangazo moja la redioni nimelisikia miaka na miaka na kila likianza natafuta kitufe. Gamelani nayo niliirudia sana kabla ya kujua habari ya upatu, na marudio hayo hayakunipa chochote zaidi ya maumivu ya kichwa. Kilichonifungulia ni kujua nisubiri nini.

Jambo lingine lililonikalisha kitako ni hisia. Muda wote huo nilikuwa nimeshaamua kwamba ni muziki wa huzuni. Ule mwendo wa taratibu, sauti zile za pamoja zinazopanda bila haraka. Nikasema hawa wanamlilia mtu. Kumbe maneno yake yanataja maua, na katika majumba ya wana wa kifalme wa Java kipande hicho kilitumika mkuu wa nyumba anapoingia. Watu wanampokea mheshimiwa, mimi huku nimeshika tama! Tangu siku hiyo sisemi tena kirahisi kwamba muziki ni lugha ya watu wote.

Na mwenzangu mmoja mkubwa alitangulia kushangaa. Claude Debussy, mtunzi wa muziki wa Ufaransa, aliisikia gamelani ya Java mjini Paris mwaka 1889, kwenye maonyesho yale yale yaliyojengewa mnara wa Eiffel, na aliendelea kuizungumzia kwa miaka. Ila wale wanamuziki aliwakuta ndani ya kijiji cha maonyesho, wamewekwa watazamwe. Nami namkuta mheshimiwa wao kwenye simu, kati ya ujumbe na ujumbe. Sijui nani kati yetu ana haki ya kumcheka mwenziwe.

Nimejaribu mingine pia, kwa tamaa. Gamelani ya Bali, kisiwa jirani na Java, aina ya kebyar, imenishinda kwa sasa. Ala zake hulinganishwa mbili mbili, moja ikiachwa juu kidogo ya mwenzake ili zikilia pamoja mlio utetemeke. Ujanja mzuri, ila kwa kasi ile nachoka mapema. Uimbaji wa koo wa Tuva, huko Urusi, ambapo mtu mmoja anatoa mngurumo na mluzi kwa pamoja kutoka koo moja, nauvulia kofia na kuuzima.

Rumba nayo imenibadilikia. Nilikuwa nafuata gitaa la solo na mwimbaji, basi. Sasa nasikia gitaa la katikati, mi-solo, linavyozungusha kitu kile kile dakika nzima bila kuomba sifa, na bila lenyewe solo lingekosa pa kusimama. Lilikuwepo siku zote.

Kwa sasa nimeingia kwenye pelogi, mpangilio mwingine wa Java wenye noti 7, zilizoachana kwa nafasi zisizolingana hata kidogo. Nimerudi darasa la kwanza. Nimepata pia rekodi ya wayang, michezo ya vivuli vya vikaragosi ambayo kwa kawaida gamelani huisindikiza usiku kucha. Nimesikiliza saa ya kwanza bila kuelewa hata neno moja la msimulizi. Kesho nitaendelea na ya pili.