Tulienda Ironbridge kuona daraja la chuma la 1779

Jumamosi mimi na dada tulipanda treni toka Birmingham mpaka Telford, pale tukachukua basi la kushuka bondeni, na jamani kama unaishi Uingereza na hujafika Ironbridge panga uende. Hili ndo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma cha kusubu, yaani kile kinachoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, na bado linavuka mto Severn vilevile, tao moja la mita 30 hivi.

Watu wengi wanapiga selfi katikati wanaondoka, lakini ukitaka kulielewa shuka chini karibu na maji uangalie juu. Vyuma karibu 1,700, jumla kama tani 380, na vimeungwa kiseremala kabisa, ulimi unaingia kwenye tundu halafu inagongwa kabari, maana wakati huo hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kuunga chuma kikubwa namna hiyo kwahiyo walitumia ufundi waliokuwa nao wa mbao. Nilikaa naangalia kabari moja mpaka dada akaanza kuniita twende, nikamwambia subiri kwanza.

Aliyechora ni Thomas Pritchard, akafariki 1777 kabla hata tao halijasimama, inauma kweli. Kazi akaimaliza Abraham Darby wa tatu, mjukuu wa yule Darby aliyeanza kuyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa kwanza kutoa uchafu, hapo jirani Coalbrookdale mwaka 1709. Tao likasimama 1779, likafunguliwa siku ya mwaka mpya 1781, gharama zikapita makadirio na Darby akabaki na madeni maisha yake yote. Mafuriko ya 1795 yakaharibu madaraja mengine ya mto huo, hili likabaki limesimama.

Upande wa pili kuna nyumba ya ushuru na kibao chake cha bei, kinasema hata wanajeshi na familia ya mfalme wanalipa, hakuna cha bure! Waenda kwa miguu walilipa mpaka 1950. Magari yalishapigwa marufuku 1934.

Sasa shida ya hili daraja si kutu peke yake, ni ardhi. Kingo za bonde zinasogea taratibu kuelekea mtoni, zinaliminya tao huku na huku, vyuma vinapasuka. Miaka ya 70 mwanzoni wakafanya kazi nzito sana, wakamwaga zege chini ya mto wenyewe, tao lililogeuzwa, ili kingo zishikane zisisogee, na mtalii akipita juu haoni chochote. Mimi kazi hiyo naiheshimu sawa na ya Darby, maana kujenga kila mtu anapenda ila kutunza ndo hela haipatikani kirahisi. UNESCO wakaliingiza bonde zima kwenye urithi wa dunia 1986.

Halafu English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kihistoria Uingereza, wakalikarabati tena 2017 na 2018, pauni milioni 3.6, wakapima mabaki ya rangi za zamani wakakuta mwanzoni lilikuwa jekundu linaloelekea kahawia, ndo wakalirudishia. Wengine walizoea kijivu hawakulipenda, mimi naona limependeza na ndo haki yake.

Mkienda vaeni viatu vya kutembelea, mitaa ina milima, na mkitoka darajani pitieni Coalbrookdale mkaone tanuri la kina Darby, limejengewa jengo la kulikinga na mvua.